Jinsi jumba kuukuu la New York lilivyopunguza matumizi ya kawi

MNAMO Mei 1, 1931, Rais Herbert Hoover wa Marekani alibonyeza kitufe akiwa jijini Washington, na taa za jumba jipya la Empire State zikawaka jijini New York. Jumba hilo la orofa 102, lenye urefu wa mita 381 bila kuhesabu mlingoti wake, lilibaki kuwa refu zaidi duniani kwa takriban miaka 40. Siku hizo watu walistaajabia urefu wake. Ni wachache walioshughulika kuuliza lingetumia umeme kiasi gani, au moshi wa kuuzalisha umeme huo ungeishia wapi.

Leo hii swali hilo haliepukiki. Kwa mujibu wa Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), ambalo makao yake makuu yako Nairobi, majengo na shughuli za ujenzi huchangia zaidi ya thuluthi moja ya gesi ya kaboni inayotokana na matumizi ya kawi na viwanda ulimwenguni. Katika jiji la New York, ambako majumba yamesongamana na majira ya baridi ni makali, majengo pekee huchangia takriban thuluthi mbili ya gesi zote zinazoongeza joto duniani.

Gesi hizo hutoka kwa njia tatu. Kwanza, kuna mafuta au gesi inayochomwa ndani ya jengo lenyewe ili kuchemsha maji na kuleta joto. Pili, kuna umeme na mvuke unaonunuliwa kutoka nje. Moshi wake hutokea kwenye mtambo ulio mbali, lakini anayeusababisha ni mtumiaji. Tatu, kuna gesi iliyotoka wakati saruji, vyuma na vioo vya jengo vilipokuwa vikitengenezwa. Kiunzi cha Empire State pekee kilitumia takriban tani 57,000 za chuma.

Hiyo njia ya tatu ndiyo sababu wataalamu wengi husisitiza kwamba ni heri kukarabati jengo kuukuu kuliko kulibomoa na kujenga jipya.

Mnamo Aprili 2009, wenye jumba hilo walitangaza mpango wa kulifanyia ukarabati mkubwa, wakishirikiana na wakfu wa rais wa zamani Bill Clinton, taasisi ya utafiti ya Rocky Mountain na kampuni kadhaa za uhandisi. Lengo lilikuwa kupunguza matumizi ya kawi kwa asilimia 38. Hatua hiyo ilikadiriwa kuokoa Dola 4.4 milioni kila mwaka na kuzuia tani 105,000 za kaboni katika muda wa miaka 15, yaani wastani wa tani 7,000 kwa mwaka.

Jambo la kwanza kushughulikiwa lilikuwa madirisha yapatayo 6,514. Badala ya kuyatupa, karakana ilifunguliwa katika orofa ya tano ya jumba hilohilo. Madirisha yaliondolewa usiku, vioo vikatenganishwa na kusafishwa, utando mwembamba ukawekwa katikati yake, kisha nafasi iliyobaki ikajazwa gesi isiyopitisha joto kwa urahisi. Zaidi ya asilimia 95 ya vioo na fremu za zamani zilitumika tena.

Aidha, kizuizi cha kurudisha joto chumbani kiliwekwa nyuma ya kila kipasha joto kilichokuwa ukutani. Awali joto hilo lilikuwa likipenya ukuta na kupotelea nje. Taa zilibadilishwa, na lifti zikawekewa mitambo inayogeuza nguvu ya breki kuwa umeme, ambao hutumika tena humo humo jumbani.

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Wahandisi wa jumba hilo walifuata busara iyo hiyo. Baada ya madirisha kuzuia joto la jua wakati wa kiangazi, na taa mpya kupunguza joto la ndani, mahitaji ya viyoyozi yalishuka sana. Hivyo, mitambo ya kupoza iliyokuwa chini ya jengo ilikarabatiwa tu, na haikulazimu kununua mipya yenye uwezo mkubwa zaidi. Uamuzi huo uliokoa zaidi ya Dola 17 milioni. Iwapo wangeanza kwa kununua mitambo na kuacha madirisha yalivyokuwa, fedha hizo zingepotea bure.

Gharama ya ziada iliyotokana na hatua hizo za kubana matumizi ya kawi ilikuwa takriban Dola 13 milioni, kiasi ambacho kilitarajiwa kurudi kwa muda wa miaka mitatu hivi. Katika miaka mitatu ya kwanza ya utekelezaji, akiba iliyopatikana ilifikia Dola 7.5 milioni na kupita kiwango kilichokuwa kimeahidiwa na wahandisi katika mkataba.

Hata hivyo, mwenye jengo hana usemi juu ya kila swichi. Sehemu kubwa ya umeme hutumiwa na wapangaji, kwa taa, kompyuta na mashine zao. Hapa ndipo pana mgogoro wa siku nyingi: mwenye jengo hulipia madirisha mapya, ilhali anayefaidika na bili ndogo ni mpangaji. Empire State ilijaribu kuutatua kwa kumwekea kila mpangaji mita yake na kumwonyesha anachotumia, na pia kwa kuingiza masharti ya kawi katika mikataba ya kupanga.

Si kila mwenye jengo aliyekuwa tayari kufuata mfano huo kwa hiari. Mwaka wa 2019, baraza la jiji la New York lilipitisha Sheria Nambari 97, inayoweka kikomo cha kaboni kwa majengo mengi yenye ukubwa wa zaidi ya futi mraba 25,000. Kikomo hicho kilianza kutumika mwaka wa 2024, na kitakazwa zaidi kuanzia 2030. Anayekipita hutozwa faini ya Dola 268 kwa kila tani. Kwa hivyo, jengo linalozidisha tani 1,000 hukabiliwa na faini ya Dola 268,000 kwa mwaka.

Baadhi ya wamiliki wa nyumba, wakihofia kwamba gharama ya ukarabati ingewaelemea wakazi wa kipato cha kadiri, walielekea mahakamani. Mnamo 2025, mahakama ya juu zaidi ya jimbo hilo iliamua kwamba sheria ya jiji haikukiuka ile ya jimbo.

Kwa Nairobi, hali ni tofauti kwa kiasi fulani. Hewa ya jiji hilo ni ya wastani, na sehemu kubwa ya umeme wa Kenya hutokana na mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, upepo na jua. Kwa sababu hiyo, kiasi kilekile cha umeme huandamana na kaboni kidogo kuliko New York, ambako mitambo mingi huchoma gesi. Lakini kila umeme unapokatika na jenereta ya dizeli kunguruma, nafuu hiyo hutoweka.

Isitoshe, bili haziangalii chanzo cha umeme. Jengo lililofunikwa vioo vitupu na kukabili jua la alasiri litahitaji viyoyozi hata katika jiji lenye baridi ya kiasi, na wapangaji wake watalipia kosa hilo la mchoraji ramani kila mwezi, kwa muda wote jengo litakapodumu.