Kanga Isiyo na Jina: Sura ya Kompyuta na Lugha ya Mwananchi

Miezi michache iliyopita nilikuwa kwenye foleni katika ofisi moja ya umma mjini Tanga. Karani alikuwa ameipamba kompyuta yake kwa ustadi. Katika skrini palikuwa na picha ya bandari wakati wa machweo, kisiwa cha Toten kikionekana kwa mbali, na pambizo za madirisha alizitia rangi ya samawati. Aliyenitangulia, mzee mvuvi wa Tongoni, aligeuziwa skrini ahakiki taarifa zake. Akaitazama, akatabasamu.

"Picha nimeipenda, mwanangu," akasema. "Hayo maandishi nisomee wewe."

Maandishi yote yalikuwa ya Kiingereza. Mzee yule anasoma Kiswahili bila taabu, lakini mbele ya mashine ile aligeuka kuwa asiyejua kusoma. Nikaondoka nikiwaza historia ya jambo linaloonekana dogo: sura ya kompyuta, na nani mwenye mamlaka ya kuibadilisha.

Taifa letu liliipokea mashine hii kwa mashaka. Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta katikati ya miaka ya 1960, matokeo yakawa hasara na usumbufu, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Marufuku hayo yalipolegezwa na mashine zikaenea, zilikuja zikiwa zimekwisha kuvishwa na wengine. Windows XP, iliyotoka mwaka 2001, ilimpa mtumiaji mandhari ya rangi tatu: buluu, kijani cha zeituni na fedha. Nakumbuka vijana wa Ngamiani katika vibanda vya intaneti wakibadili rangi, aikoni na picha za skrini kila walipoketi, hata mwenye kibanda akachoka kuzirudisha. Nami nilikuwa miongoni mwao. Tuliona fahari kuitia mashine alama yetu. Hatukujiuliza kwa nini tuliruhusiwa kubadili rangi huku maneno yakibaki yaleyale.

Mji wa Tanga ulikuwa na sababu ya kujiuliza. Kwa karne nyingi Waswahili wa pwani hii waliandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu. Katika miaka ya 1890 Wajerumani walifungua hapa shule ya serikali, na mwanzoni mwa karne ya 20 shule hiyo ikachapa gazeti la Kiongozi kwa herufi za Kilatini. Lugha ilikuwa ileile, ila ilivishwa sura nyingine. Aliyeijua sura mpya alipata ukarani. Aliyebaki na ya zamani, hata angekuwa mwanachuoni, mlango wa ofisi ulimwia mzito. Haki inanitaka niseme pia kwamba herufi hizo zilifungua njia: Shaaban Robert, aliyezaliwa Machui mwaka 1909, alikuwa mtumishi wa serikali, na kwa herufi hizo maandishi yake yakatufikia sote. Sura, basi, huamua nani aingie na nani abaki barazani.

Mwaka 2004 tulipata nafasi ya kuamua wenyewe. Katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupiga hesabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Mwaka huohuo Microsoft ilitangaza mpango wa kuitafsiri Windows, na Ubuntu ikazaliwa kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ikiwa na mandhari ya rangi ya udongo. Tofauti yao ilikuwa katika leseni. Kiswahili cha Windows kilikuja kama ganda la kuvika juu ya Kiingereza, na kampuni pekee ndiyo ingeweza kulirekebisha. Jambo OpenOffice na Ubuntu zilimruhusu yeyote mwenye ujuzi kubadili kila kitu, kuanzia rangi hadi neno la mwisho kwenye menyu, na kumgawia jirani yake.

Ruhusa ilikuwapo, tuliikalia. Tulisema istilahi ni ngumu, na kwamba tumezoea Kiingereza. Waliozoea ni sisi tulioko nyuma ya meza.

Mama zetu wanajua zaidi. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina, yaani yale maneno yaliyoandikwa chini. Majina ya kanga za kale yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa za Kilatini, lakini lugha ilibaki ya mvaaji. Mwanamke wa Tanga anaponunua kanga husifu rangi, kisha husoma jina kabla ya kutoa fedha. Kompyuta ya yule karani ilikuwa na mji na pindo. Jina lake halikuwa letu.

Kwenu wanafunzi wa kompyuta: mkijifunza kutengeneza mandhari, jifunzeni pia kutafsiri menyu. Kwenu wanaharakati: ulizeni lugha ya mfumo kabla haujanunuliwa. Nanyi watumishi wa umma, skrini mnayomgeuzia mwananchi ahakiki ni yake pia. Mzee wa Tongoni hakuomba picha.