Nani alimchana Foreman?

Wadau, nimepotea kidogo, mniwie radhi. Kazi za chumba cha habari zilinibana, kisha malaria ikamalizia. Lakini leo nimerudi na deni la kulipa. Deni lenyewe nadaiwa na mzee mmoja jirani yangu hapa Mbezi Beach, na limekaa muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu.

Mnakumbuka Februari 2024? Tyson Fury na Oleksandr Usyk walikuwa wapande ulingoni Riyadh tarehe 17 ili uzito wa juu upate bingwa mmoja asiyepingwa, kitu ambacho hakikuwepo tangu Lennox Lewis alipomshinda Evander Holyfield mwaka 1999. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe ikaja habari: Fury kachanika juu ya jicho la kulia akiwa mazoezini. Pambano limesogezwa mpaka Mei.

Basi bwana, kijiwe chetu cha kahawa pale Tangi Bovu kikageuka mahakama. Kila mtu akawa daktari wa macho! Jamaa mmoja wa bajaji akasema kosa ni la kambi ya Fury, mtu mwenye pambano kubwa namna ile anaachwaje apigane mazoezini kama yuko vitani. Mwingine akawalaumu waandaaji, kwamba walikuwa na tamaa: Oktoba 2023 walimpeleka Fury kwa Francis Ngannou, mtu aliyekuwa hajawahi kupigana ngumi za kulipwa, akadondoshwa raundi ya 3, na pambano la Usyk lililotajwa kwa Desemba likasogezwa mara ya kwanza. Video fupi ya Fury akivuja damu ilikuwa imesambaa, na hata hiyo kuna waliosema ni maigizo.

Mimi, kwa kuwa ndiye mwandishi wa kijiwe, nikatoa hukumu. Fury ni mwoga, nukta. Nikamwekea jamaa wa bajaji shilingi 50,000 kwamba pambano hilo halitafanyika milele.

Mzee alikuwa amekaa pembeni na kikombe chake, kimya. Mwaka 1974 alikuwa kijana, akifanya kazi kiwanda cha Urafiki. Akasema, "Hilo jicho mimi nilishalisikia zamani. Foreman alijichana mwenyewe, Kinshasa, ili amkimbie Ali. Wewe si mwandishi? Kasome, uje uniambie kama nasema uongo."

Mei 18 Fury akatokea, akapigana, na Usyk akashinda kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Ile 50,000 nililipa siku iliyofuata, tena mbele za watu. Swali la mzee nikaliacha kiporo. Machi 2025 George Foreman akafariki, akiwa na miaka 76, na ndipo nikaona aibu. Nikakaa chini nikasoma.

Kwanza tuelewane nani alikuwa na sababu ya kuogopa. Foreman alikuwa na miaka 25, kapigana mara 40 bila kupoteza hata moja. Joe Frazier alimaliza raundi 2 kule Kingston. Ken Norton alimaliza raundi 2 kule Caracas. Hawa wawili wote walikuwa wamewahi kumshinda Ali! Ali mwenyewe alikuwa na miaka 32, na kuna watu wake wa karibu waliokuwa wakihofia asije akatoka Kinshasa kwa machela. Kwa hiyo ukitafuta mwoga kwa kuangalia rekodi, Foreman ni mtu wa mwisho kumshika.

Pesa nazo zina hadithi yake. Don King, aliyekuwa bado anatafuta jina katika upromota, aliwaahidi mabondia hao dola milioni 5 kila mmoja. Hakuwa nazo. Aliyekuwa nazo ni Mobutu Sese Seko... au tuseme Zaire ndiyo iliyokuwa nazo, na Mobutu ndiye aliyeshika ufunguo. Alitaka dunia nzima itamke jina la nchi yake, na tarehe ikawekwa: Septemba 25, 1974.

Katikati ya Septemba, siku chache tu kabla, Foreman alikuwa akifanya mazoezi ulingoni na bondia mwenzake aliyeitwa Bill McMurray. Kiwiko cha McMurray kikampata juu ya jicho la kulia, pakapasuka. Hakuna siri zaidi ya hapo. Kiwiko. Pambano likasogezwa mpaka Oktoba 30. Tamasha la muziki lililopangwa kwenda sambamba nalo halikusubiri: kwa siku tatu James Brown, B.B. King, Miriam Makeba, Franco na Tabu Ley walipiga muziki Kinshasa kusindikiza ngumi ambazo hazikuwepo.

Hapo ndipo lawama zilipoanza kurushwa, na hapo ndipo mzee wangu anapopata nusu ya ukweli. Foreman kweli alitaka kuondoka. Alitaka akatibiwe Ulaya. Hakuruhusiwa. Ali, ambaye mdomo wake ulikuwa ngumi ya tatu, akawa anawaambia wakubwa wa Zaire hadharani kwamba viwanja vya ndege vilindwe, jamaa asije akatoroka usiku. Alikuwa anatania, lakini utani ule uliingia masikioni mwa watu na haukutoka tena. Nadhani ndio uliofika mpaka Urafiki. Mtu anaomba daktari, mpinzani wake anasema anatoroka, na miaka 50 baadaye kijiweni Tangi Bovu tunaamini maneno ya mpinzani.

Fikirieni hizo wiki tano zilimsaidia nani. Kidonda kibichi hakitaki ngumi, kwa hiyo Foreman hakuweza kufanya mazoezi yake ya kawaida kwa muda. Alikaa hotelini, hana raha, ana mbwa mkubwa wa Kijerumani wa aina ambayo Wakongomani waliikumbuka kwa polisi wa Wabelgiji. Ali alikuwa N'Sele kando ya mto Congo, anakimbia asubuhi, anacheza na watoto, anafundishwa Kilingala kidogo. Mji mzima ukajifunza kuimba "Ali boma ye", yaani Ali muue. Kama Foreman alijichana kwa makusudi, basi alijichana kwa faida ya Ali!

Walipanda ulingoni saa 10 alfajiri ya Kinshasa, ili Wamarekani waone usiku wao. Huku kwetu ilikuwa saa 12 asubuhi, Jumatano, watu wakijiandaa kwenda kazini, na Tanzania Bara haikuwa hata na televisheni. Raundi ya 8 Foreman akaenda chini. Muda mfupi baada ya pambano mvua kubwa ikashuka na kuujaza uwanja maji. Msimu wa mvua ulikuwa umeshaingia, na bado kidogo tu kungekuwa na lawama nyingine, safari hii kwa mawingu.

Foreman naye hakuwa malaika wa kupokea lawama kimya. Alisema kamba za ulingo zililegezwa. Alisema maji aliyopewa kabla ya pambano yalikuwa na ladha ya dawa. Ilimchukua miaka mingi kuyaacha hayo, na yeye na Ali wakaja kuwa marafiki. Mwaka 1994, akiwa na miaka 45, akamlaza Michael Moorer na kuwa bingwa tena.

Lakini kilichonikera zaidi katika kusoma kote huko si Foreman. Ni kwamba pambano la Kinshasa halikuokolewa na ushujaa wa bondia yeyote. Liliokolewa na mtu aliyekuwa amelipa na ambaye angeweza kufunga mlango wa nchi. Riyadh ni hivyo hivyo kwa sura ya kisasa: Turki Alalshikh, mkuu wa burudani wa Saudi Arabia, alikuwa na pesa, na baada ya Fury kuchanika ikatangazwa kwamba atakayejitoa safari ijayo atalipa dola milioni 10. Tarehe ikasimama.

Pasipo na mtu wa namna hiyo, pambano hufa. Riddick Bowe na Lennox Lewis walikutana fainali ya Olimpiki Seoul 1988, Lewis akashinda raundi ya 2. Mwaka 1992 Bowe akawa bingwa wa dunia, Lewis akiwa mpinzani aliyestahili, na dunia nzima ikawa inangoja. Bowe akaenda London akautupa mkanda wa WBC kwenye pipa la taka mbele ya wapiga picha. Hawakupigana tena maishani. Mashabiki wanaendelea kubishana, na wapo wanaomwita Bowe mwoga mpaka kesho, wakati mazungumzo ya mgawo wa pesa yaliyovunjika yalikuwa mikononi mwa mameneja wenye suti.

Na si lazima twende London. Septemba 2023 hapa Dar, Hassan Mwakinyo hakupanda ulingoni kupigana na Julius Indongo wa Namibia, akilalamika kwamba makubaliano hayakutimizwa. Si uzito wa juu, najua, lakini ubishi ulikuwa ule ule, mpaka kamisheni ikamfungia mwaka mmoja. Wangapi kati yetu waliomtukana au kumtetea waliwahi kuuona mkataba? Mimi sikuuona. Maoni nilikuwa nayo siku ile ile.

Enewei. Juzi nikaenda kumwona mzee nyumbani, miguu siku hizi haimfikishi kijiweni. Shikamoo, marahaba, nikaletewa chai. Nikamweleza yote: kiwiko, McMurray, daktari wa Ulaya, wiki tano za hotelini, kila kitu na tarehe zake. Alinisikiliza vizuri sana, hakunikatisha hata mara moja. Akauliza huyo McMurray alilipwa shilingi ngapi. Nikamwambia hilo sikulikuta popote.

Akanywa chai yake, akaweka kikombe.

"Umesoma, mwanangu, hongera," akasema. "Lakini aliogopa."