Tindo, Mkasi na Grainda: Istilahi za Kumalizia Maungio ya Reli

Ujenzi wa reli ulipoanza Tanga mwaka 1893, vipande vya reli viliunganishwa kwa vibao vya chuma na bolti, kama ilivyokuwa desturi ya enzi hizo. Miaka miwili baadaye, mkemia Mjerumani Hans Goldschmidt aliomba hataza ya njia ya kupata chuma kilichoyeyuka kwa kuwasha mchanganyiko wa unga wa alumini na oksidi ya chuma. Mwaka 1899 njia hiyo ilitumiwa kuchomelea reli za tramu mjini Essen. Mwanya baina ya reli ukatoweka, lakini likazuka tatizo jingine: chuma kinachomiminwa katika kalibu hufurika juu ya kichwa cha reli, na ziada hiyo sharti iondolewe.

Kwa muda mrefu mafundi waliikata kwa tindo na nyundo ingali nyekundu. Hatukubaliani na wafasiri waandikao patasi. Patasi ni ya seremala. Baadaye ukaja mtambo wenye makali mawili yasukumwayo kwa shinikizo la mafuta, ambao hukumbatia reli na kukata ziada kwa mara moja. Huo tumeupendekezea jina la mkasi wa maungio. Asemaye kuwa mkasi ni wa nguo tu akumbuke kwamba mabati nayo hukatwa kwa mkasi. Ama grainda, neno hilo limo vinywani mwa mafundi wote, nasi hatuoni sababu ya kulifukuza.

Matata yako katika vitenzi. Rasimu moja ya mwongozo iliyotufikia ilitumia kusawazisha kwa kazi zote: kukata, kusaga kwa awali na kusaga kwa mwisho. Fundi aisomaye atalisaga ungio hadi liwe sawa na reli lingali la moto. Chuma kikipoa hunywea. Ungio hilo litabonyea, na kila gurudumu lipitapo litaligonga. Ndiyo maana hubakizwa ziada ndogo, na usagaji wa mwisho hungoja ungio lipoe kabisa, ndipo rula ya chuma ya mita 1 hulazwa juu yake kulipima.

Kwa hiyo tumeweka kukata ziada, kusaga awali na kusaga kumalizia. Kusawazisha tumeliachia kazi nyingine kabisa: ile ya kuinua njia iliyotitia na kuishindilia kokoto chini ya mataruma.