UZI: Orodha anaiandika nani?

1/ Jamani, siasa ikipamba moto hapa Bongwe hukosi wa kusema: "Serikali inasoma meseji zetu zote!" Hebu tuangalie historia.

2/ Mwaka 1975, Alfred Aho na Margaret Corasick wa Bell Labs walichapisha njia ya kutafuta maneno mengi kwa mpigo mmoja. Shida yao ilikuwa ya maktaba tu.

3/ 1998, Martin Roesch akatoa Snort: programu inayopekua pakiti za data na kuzilinganisha na orodha ya dalili za uvamizi. Baadaye nayo ikaazima njia ile ya 1975.

4/ Leo meseji ya WhatsApp hufungwa kwa msimbo, lakini "bahasha" huonyesha unatumia huduma gani. Hiyo yatosha kukufungia. Mwaka 2024, wakati wa KCSE, Mamlaka ya Mawasiliano iliagiza Telegram izuiwe. Mwizi wa mtihani na mfanyabiashara wa Diani wakafungiwa pamoja.

5/ Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha ya mawasiliano yetu. Basi mgombea akija kuomba kura, muulizeni: orodha ya vya kuzuiwa anaiandika nani, na anakaguliwa na nani?