Kitabu cha dogo, pale Feri

Jumamosi, saa mbili usiku. Nimerudi hosteli hoi, ila hili lazima niliandike.

Dogo wangu yuko kidato cha kwanza, anakaa Kigamboni kwa mama mdogo. Juzi kanipigia: "Kaka, niletee kitabu cha Afrika, ila kisiwe cha darasani." Basi bwana, leo nikapanda mwendokasi mpaka Kivukoni na mabaki ya bumu, hela ya kitabu kimoja tu. Karibu na Feri jamaa kapanga vitabu vya mtumba juu ya turubai. Viwili vikanisimamisha.

Cha kwanza, Mashimo ya Mfalme Sulemani. Babu alikisoma shuleni enzi za mkoloni, na mpaka leo ukimgusa tu anakisimulia. Ni tafsiri ya Frederick Johnson, ya 1929. Mwaka uliofuata Johnson huyo huyo akawa katibu wa kwanza wa kamati ya kusanifisha Kiswahili. Yaani aliyesimamia Kiswahili chetu sanifu ndiye aliyetuletea Afrika ya Rider Haggard ya 1885: Waingereza watatu wanatafuta almasi, mfalme halali anarudishwa kitini kwa msaada wa bunduki zao, na bibi kizee wa Kiafrika ni mchawi. Kiswahili chake kitamu, sikatai. Hapo ndipo penye hatari: mtoto anasoma kwa lugha yake mwenyewe huku akishangilia wageni.

Cha pili, Kuli cha Adam Shafi, kilichotolewa na Tanzania Publishing House 1979. Ni habari za wapakiaji wa bandari ya Zanzibar na mgomo wa 1948. Mwaka mmoja kabla, 1947, wenzao wa hapa Dar waligoma, na mgomo ukapanda na reli ya kati mpaka bara. Mi nasoma historia, na hilo nimekuja kulijua chuoni! Wakati dogo anavuka mdomo wa bandari hiyo hiyo kila akija mjini.

"Msomi, chukua Mashimo, kina vituko," jamaa akaniambia. Hakukosea. Kuli kina mateso, hakina hazina, na dogo ana miaka 13. Nikasita mpaka pantoni ikapiga honi. Nikalipia Kuli.

Dogo akakigeuzageuza, akauliza, "Kaka, kuli si tusi?"

Nikamwambia asome kwanza, tutaongea Jumamosi ijayo.