Bamburi: Msitu Uliojengwa na Jongoo

Saruji iliyojenga sehemu kubwa ya Mombasa ilitoka Bamburi, kilomita kumi hivi kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa. Kiwanda kilichoanza uzalishaji mwaka 1954 kiliwekwa hapo kwa sababu ardhi yenyewe ni mawe ya chokaa, mabaki ya matumbawe yaliyokua baharini zama za kale, kabla bahari haijarudi nyuma. Mitambo ilikwangua udongo wa juu, ikakata mawe, ikateremka hadi karibu na maji ya chini ya ardhi, kisha ikasogea mbele kutafuta mawe mengine. Nyuma yake lilibaki shimo jeupe lisilo na udongo, lisilo na kivuli, lenye madimbwi ya maji ya chumvichumvi. Mwaka baada ya mwaka shimo hilo lilipanuka, wala hapakuwa na aliyetazamia kwamba lingefaa kwa kitu kingine chochote.

Leo basi la shule huegeshwa pale pale, na watoto wa chekechea hushuka wawili wawili wameshikana mikono kwenda kulisha twiga. Mahali hapo sasa panaitwa Haller Park. Wanaopazuru huwakumbuka twiga, viboko na mamba. Lakini walioujenga msitu huu ni viumbe wadogo sana, na katika familia yoyote inayopita humo, mtoto wa miaka mitatu au minne ndiye aliye karibu nao zaidi, kwa kuwa macho yake hayako mbali na ardhi.

René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alifika Bamburi mwaka 1959 kufanya kazi katika kampuni ya saruji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alipewa jukumu ambalo wengi wangelikataa: kurudisha uhai ndani ya machimbo. Alianza kwa kujaribu aina 26 za miti. Mashimo madogo yalitobolewa kwenye mwamba, miche ikatiwa humo, watu wakangoja. Karibu yote ilikufa. Aina tatu tu ndizo zilizostahimili: mnazi, mti mmoja wa maeneo makame ya Somalia, na mvinje.

Mwambao mzima unaujua mvinje. Ni ule mti mrefu wa ufukweni wenye majani membamba kama sindano, unaovuma upepo wa kusi unapoanza, na ambao nguzo zake hujengewa nyumba na mabanda. Chumvi haiutishi. Isitoshe, kwenye mizizi yake huishi bakteria wanaochukua naitrojeni hewani na kuulisha mti, hivyo unaweza kuota mahali ambapo udongo haupo. Hata hivyo, miche ya kwanza ya Bamburi iligeuka manjano ikadumaa, kwa sababu ndani ya mwamba mtupu bakteria hao hawakuwamo. Ilibidi wachukuliwe kwenye mizizi ya mivinje iliyokwishakomaa kwingineko na kupandikizwa machimboni. Baada ya hapo miti ilikwenda juu kwa kasi.

Kisha likazuka tatizo jipya. Mivinje ilikua, majani yakaanguka, yakalala chini bila kuoza. Majani hayo yana tanini nyingi, ile dawa inayowazuia bakteria wa kawaida kuyala. Msitu ukasimama juu ya zulia la majani makavu, na bila mboji hapakuwa na mti mwingine ambao ungeweza kuota chini yake. Mtu mwingine angeagiza malori ya udongo. Haller aliangalia na kugundua kwamba jongoo wa pwani wenye miguu myekundu, wale wakubwa wanaotambaa barabarani mvua zikianza, hula majani ya mvinje bila shida. Wakakusanywa, wakaletwa machimboni kwa mamia.

Jongoo hula jani, hulisaga, kisha hutoa kinyesi ambacho bakteria wanaweza kukimalizia. Kazi hiyo ndogo, ikirudiwa na maelfu ya jongoo usiku na mchana, ilitengeneza tabaka la udongo mweusi juu ya mwamba mweupe. Udongo ulipopatikana, miti ya asili ya pwani ilipandwa, mbegu nyingine zikaletwa na ndege na upepo, nyasi zikaota. Ndani ya miaka michache palikuwa na malisho. Pofu, choroa na kuro wakaingizwa ili nao walishe, wakanyage na kurutubisha. Katika madimbwi wakafugwa perege, na mamba nao wakapata makao.

Mwaka 1984 njia za miguu za humo zilifunguliwa kwa umma. Mwaka 1987 Haller alitunukiwa tuzo ya Global 500 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, na baadaye hifadhi ikapewa jina lake. Jongoo hakupewa tuzo yoyote, ingawa bila yeye mtu angekuwa anatembea juu ya mawe hadi leo.

Kama hifadhi ndogo ya wanyama iliyo karibu na mji, Bamburi haikuwa ya kwanza katika Afrika Mashariki. Entebbe, kando ya Ziwa Viktoria, palianzishwa makao ya wanyama waliofiwa na mama zao mwaka 1952, wakati wa serikali ya kikoloni, na polepole pakawa bustani ambayo vizazi vya watoto wa Kampala vimepelekwa na shule. Nairobi ilipata kituo chake cha wanyama yatima mwaka 1964, kwenye lango la mbuga iliyokuwapo tangu 1946. Mwaka huohuo wa 1964, Tanzania ilifungua bustani yake ya kwanza ya wanyama katika kisiwa cha Saanane, mkabala na mji wa Mwanza. Kisiwa hicho kinaitwa kwa jina la mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi na kufanya shughuli zake pale kabla ya serikali kumfidia na kukitwaa.

Saanane inastahili kutazamwa kidogo zaidi, kwa kuwa ilibeba kazi mbili. Watu wa Mwanza walivuka kwa boti kutazama wanyama ambao wengi wao hawakuwahi kuwaona, japokuwa Serengeti haiko mbali. Na baadhi ya wanyama walipumzishwa hapo wakisubiri kupelekwa kisiwa cha Rubondo, ng'ambo zaidi ya ziwa. Mwaka 2013 kisiwa kidogo cha Saanane kilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Mpaka sasa mgeni hukutana na pimbi, kenge na swala pala bila kuingia ndani ya gari, na kwa mtoto wa Mwanza, kuvuka maji kwa boti ni nusu ya furaha yenyewe.

Kutembea kwa miguu ndiko kunakozipa hifadhi hizi ndogo thamani ambayo mbuga kubwa hazina. Tsavo Mashariki na Magharibi kwa pamoja zina zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Anayeingia humo anahitaji gari, mafuta, kiingilio, na uvumilivu wa kukaa saa nyingi akitazama vichaka. Familia nyingi za Mombasa hazina gari la kufanyia safari hiyo, na mtoto mdogo hana uvumilivu huo hata gari likiwapo. Simba aliye mita mia mbili, akiwa amelala chini ya mgunga, kwa mtoto wa miaka minne ni rangi ya kahawia tu. Mtu mzima humwonyesha kwa kidole, mtoto husema ameona, naye hakuona. Si haki kumlaumu mtoto huyo kwamba hapendi wanyama.

Bamburi twiga huja mwenyewe. Asubuhi na alasiri wageni husimama kwenye jukwaa wakiwa na chakula viganjani, na ulimi mrefu wa rangi ya zambarau iliyokolea hukichukua. Hapa pwani jambo hilo lina uzito wake. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikisha twiga China, akapokelewa katika ikulu ya mfalme kwa heshima kubwa. Karne zilizofuata wanyama wa Afrika Mashariki waliendelea kusafirishwa kwenda bustani za ng'ambo, na watoto wa Ulaya wakawajua twiga na viboko kuliko watoto wa Kisauni au Kilifi waliozaliwa katika nchi ya wanyama hao. Mtoto wa Mombasa kumlisha twiga kwa mkono wake, kwao, ni kurudishiwa kilicho chake.

Kisha wakaja Owen na Mzee, na jina la Bamburi likavuka mipaka.

Mwishoni mwa mwaka 2004 mvua kubwa ziliufurisha mto Sabaki, zikalisukuma kundi la viboko hadi mdomoni mwa mto, karibu na Malindi. Tarehe 26 Desemba mawimbi ya tsunami yaliyotoka mbali upande wa mashariki yaliipiga pwani hiyo. Aliyeonekana baadaye ni ndama mmoja tu, amekwama kwenye miamba baharini. Wavuvi walileta nyavu, wakazi na wageni wakaacha sikukuu zao, mamia ya watu wakasimama ufukweni. Alishikwa baada ya mgeni mmoja Mfaransa, jina lake Owen, kumrukia na kumbana hadi akatiwa wavuni. Ndama akapewa jina lake. Paula Kahumbu, mwanaikolojia aliyekuwa akiisimamia Haller Park wakati huo, alikubali kumpokea, na tarehe 27 Desemba kiboko huyo wa karibu kilo 300 akasafirishwa kwa gari hadi Bamburi.

Alipofunguliwa kamba alikimbia moja kwa moja kujificha nyuma ya Mzee, kobe mkubwa wa Aldabra aliyekadiriwa kuwa na umri wa miaka 130 hivi. Mzee alichukia. Alifoka kwa pumzi, akajikokota kwenda zake, na ndama akamfuata. Lakini siku chache baadaye walionekana wamelala ubavu kwa ubavu. Owen alijifunza kula alichokula Mzee, wakaogelea pamoja, wakatembea pamoja. Ndama wa kiboko hukaa na mama yake miaka kadhaa, na huenda umbo la kijivu la mviringo la kobe ndilo lililomvuta. Kwa nini Mzee alikubali, hilo ni gumu zaidi kulieleza.

Picha zilizopigwa na mwanahabari Peter Greste zilienea duniani. Marekani, mtoto wa miaka sita, Isabella Hatkoff, aliiona mojawapo, akamwambia baba yake kwamba habari hiyo yafaa kuwa kitabu. Walikiandika wakishirikiana na Kahumbu, kikachapishwa mwaka 2006, na watoto wa nchi nyingi wakaijua Mombasa kwa sababu ya kiboko na kobe. Mwaka 2007 Owen aliunganishwa na kiboko jike aitwaye Cleo, akaishi maisha ya viboko, naye Mzee akaendelea na yake. Uamuzi huo uliwahuzunisha baadhi ya wageni, lakini ulikuwa sahihi. Kiboko anayekua hawezi kubaki mwana wa kobe milele, na uzito wake tu ungeweza kumwumiza Mzee.

Jamaa za Mzee walioko Changuu, kisiwa kilicho mbele ya mji wa Unguja, wana historia ya masikitiko. Mwaka 1919 gavana wa Shelisheli alituma kobe wanne wa Aldabra kama zawadi. Walizaana hadi wakafika 200 hivi mwaka 1955. Kisha wizi ukaanza, wengine wakiuzwa ng'ambo kufugwa majumbani, wengine wakiliwa. Kufikia 1996 walikuwa wamebaki saba. Vifaranga 80 vikaletwa kisiwani mwaka huohuo kuokoa ukoo, na karibu nusu yao wakatoweka. Ulinzi ulipoimarishwa ndipo idadi ilipopanda tena. Leo watoto wanaovuka kwa boti kutoka Forodhani huwalisha mboga kobe ambao baadhi yao walizaliwa kabla ya babu zao. Eneo dogo ni rahisi kulitembelea, na ni rahisi vilevile kuliibia. Likikosa walinzi miaka michache tu, hakuna msitu mkubwa wa kuwaficha wanyama wake.

Kwa mzazi au mwalimu anayepanga kwenda Bamburi na watoto wadogo, ushauri ni huu. Mapema asubuhi ni bora, kabla ya jua kali, na chupa ya maji na kofia zisisahaulike. Tumbili wa humo ni wepisi wa mikono, basi vitafunio vibaki mfukoni. Kobe aguswe kwa idhini ya mlinzi tu. Na msikimbilie kwa twiga. Mwombeni mwongozaji awaonyeshe kwanza jongoo chini ya mivinje, afukue majani kidogo, watoto waone udongo mweusi ulivyolala juu ya mwamba mweupe. Mtoto akitaka kukaa hapo dakika kumi, mwacheni akae. Akimshika jongoo, anawe mikono kabla ya kugusa macho, kwa sababu majimaji yake huwasha. Twiga hawaendi popote.