Firestone: mti Liberia, usine Akron



Wiki iliyopita nilikuwa nyuma ya moto, pneu ikapasuka katikati ya matope. Wakati motard alikuwa anabandika kiraka, akaniuliza: « Ingénieur, ni kweli mpira unatoka kwa mti? » Nikamwambia ndiyo, mti wa hevea, hata kwetu Kongo uko. Akauliza tena: « Sasa juu ya nini tuko na mti na pneu tunanunua kwa wengine? » Nilitoa jibu la haraka haraka. Leo ninajaribu kumjibu vizuri, kwa kupitia historia ya kampuni moja ya Marekani.

Harvey Firestone alianzisha kampuni yake mwaka 1900 mjini Akron, jimbo la Ohio. Kule hevea haiwezi kuota, juu kuna baridi na theluji. Lakini kulikuwa na mausine, reli na watu wanaojua kazi. Mwaka 1906 Henry Ford akamwagiza seti 2,000 za pneu, na kutoka hapo Firestone ikakua pamoja na magari ya Marekani.

Shida ilikuwa mpira wenyewe. Hevea asili yake ni Amazon, lakini mwaka 1876 Waingereza walichukua mbegu Brazil, na baadaye mashamba makubwa yakapandwa Asia. Mwaka 1922 wakaamua kupunguza mpira unaotoka kwenye makoloni yao ili bei ipande. Firestone alikasirika. Akasema Marekani lazima iwe na mpira wake, akaanza kutafuta ardhi. Akaipata Liberia.

Mkataba wa 1926 ulimpa haki ya kuchukua ardhi mpaka ekari milioni 1, kama hekta 400,000, kwa miaka 99. Bei: senti 6 za dola kwa ekari moja kwa mwaka. Pamoja na ardhi kukaja mkopo wa dola milioni 5, riba ya 7%, kupitia kampuni iliyokuwa mkononi mwa Firestone mwenyewe. Na mshauri wa fedha kutoka Marekani akawekwa kusimamia mapato ya serikali. Tukumbuke: Liberia haikuwa koloni. Ilikuwa na rais wake, bendera yake na wasomi wake. Lakini ilikuwa na madeni ya zamani, na mtu mwenye deni anasaini haraka.

Sisi watu wa agronomia tunajua kazi ya hevea. Unapanda, unangoja karibu miaka 6 au 7 mbele ya kuanza kukata. Ukianza, unakata ganda asubuhi sana, wakati kuko baridi na utomvu unatiririka vizuri, na mtu mmoja anapitia mamia ya miti kwa siku. Njo maana shamba kama lile linakula mikono mingi. Mwaka 1930 tume ya Shirika la Mataifa ilichunguza kazi ya nguvu Liberia. Ilisema haikuona ushahidi kwamba Firestone ilitumia watu wa kulazimishwa ikijua. Lakini ilikuta viongozi wa nchi wanakusanya vijana kwa nguvu na kuwapeleka kisiwa cha Fernando Po. Rais King na makamu wake wakajiuzulu mwaka ule ule.

Kwetu, wakati wa Leopold II, mpira ulikuwa wa kamba za porini na ulikuja na fimbo. Liberia ulikuja na kalamu. Njia ni mbili, lakini mahali mpira ulienda kuwa mali ni pamoja: ng'ambo.

Mwaka 1942 Japani ilipoteka mashamba ya Asia, mpira wa Harbel, mji wa shamba lile, ukawa wa lazima kwa Marekani na wenzake. Mwaka 1988 kampuni ya Japani, Bridgestone, ikanunua Firestone kwa dola bilioni 2.6, na miti ya Liberia ikaenda pamoja na bei hiyo. Tuseme haki: shamba lilileta mishahara, mashule na hospitali. Na mwaka 2008 sendika iliyochaguliwa na wafanyakazi wenyewe ilipata mkataba uliopunguza kiasi cha kazi ya kila siku. Lakini karibu miaka 100 imepita, na Liberia inauza mpira, inanunua pneu.

Basi jibu langu kwa motard ni hili: mti peke yake hautoshi. Faida inabaki kule kwenye usine, umeme, kemia, na kwa yule aliyeandika mkataba.

Na mimi niko na deni katika hii historia. Niliitwa siku moja kupima udongo wa eneo ambalo mwekezaji alitaka. Nilipima pH, nilihesabu hekta, nikapokea pesa yangu. Sikuuliza wanakijiji watalipwa ngapi, wala mkataba ni wa miaka mingapi. Nilijiambia hiyo ni kazi ya wanasheria. Leo ninaona nilikosea, juu mwanasheria hajui kwamba hevea inangoja miaka 7, na mwanakijiji hajui ekari moja itatoa nini. Mimi nilijua, nikanyamaza.

Wenzangu wa agronomia, wakituita tena kupima shamba, tuombe kwanza kusoma karatasi. Na ninyi wa sheria na wa uchumi, tuketi pamoja mbele ya kusaini, si nyuma.